Baba Amekula, Amelala

Kila Ijumaa alasiri, kuanzia Februari hadi Aprili 2017, Hillary Kiprono alikuwa akipigwa viboko kumi na saba katika ukumbi wa makazi ya wageni kaskazini mwa Riyadh. Vitatu vya kwanza vilikuwa vya kuigiza. Vilivyobaki vilitegemea Titus, dereva wa lori kutoka Kisii aliyeshika kamba, ameamkaje siku hiyo.

Ulikuwa mchezo wa opera, yaani mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa wa Kirusi, na huko kwao uliwahi kupigwa marufuku miaka mingi kwa sababu mkubwa wa nchi aliuchukia. Madam Ludmila, mwalimu wa muziki wa makazi yale, aliamua kuuonyesha upya kwa namna yake. Aliitoa hadithi katika Urusi ya zamani akaiweka katika jiko la siku hizi, lenye mtungi wa gesi, na vijakazi na vibarua akawavika ovaroli za kazi. Vibarua hao tulikuwa sisi, walinzi na madereva. Mwimbaji mkuu, mhandisi wa Kirusi, alikataa kuguswa na kamba, kwa hiyo penye kupigwa aliwekwa Hillary, mgongo wazi kwa watazamaji. Kwamba mgongo ule ulikuwa mweusi, Madam Ludmila alisema ndiyo maana yenyewe.

"Polepole, Titus," Hillary alimwambia Ijumaa ya pili, akijifuta damu kwa fulana.

"Ukilia napunguza. Wewe unanyamaza kama gunia, na Madam anataka kilio."

"Mimi nilipita jando, bwana. Kwetu mtu halii."

"Basi kufa na jando lako."

Hillary alitoka Kericho mwaka 2014, akawekwa kwenye geti la makazi yale, saa kumi na mbili kwa siku. Hakuwa msemaji. Mtu aliyezungumza naye kwa urefu alikuwa dadake Valary, na huyo alikuwa Jeddah, mtaa wa Aziziya, akifanya kazi za nyumbani kwa mzee mmoja mstaafu. Ni Hillary aliyempa namba ya wakala wa ajira. Hilo alinitajia mara nne, nami sikuwa nimemuuliza.

Yule mzee, ambaye Valary alimwita baba kama tunavyowaita waajiri wote, alikuwa anampiga kwa mpira wa maji. Alimpigia chai iliyopoa, akampigia kola ya kanzu isiyonyooka. Januari alimkandamiza kiganja kwenye pasi, naye Hillary akatumiwa picha. Mlango wa nyumba ulifungwa kwa ufunguo mchana na usiku, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mzee. Ikama ya Valary, kibali chake cha kukaa nchini, ilikaa kabatini kwa madam, mke wa mzee.

Simu yake Valary aliificha ndani ya pakiti ya unga. Alipoishika alitaka kusikia jambo lolote lisilo la nyumba ile, na Hillary, aliyekosa habari nyingine, akamsimulia opera. Alimtumia ujumbe wa sauti, kipande kila wiki. Nilimsikia akirekodi kile cha katikati ya Machi.

"Sasa huyo mzee amechoka kupiga kijana, anataka chakula. Yule mama wa nyumba anampikia uyoga. Ndani ameweka dawa ya panya. Mzee akala, akalala, halas, kwisha."

Jibu la Valary lilikuja palepale, kwa kunong'ona. "Na hakuna mtu alijua?"

"Ngoja wiki ijayo."

Wiki iliyofuata simu ya Valary ilikuwa imezimwa. Na wiki ya baada ya hiyo pia.

Ijumaa tarehe saba Aprili, saa nane na dakika arobaini, tulikuwa mazoezini. Hillary alikuwa amekwisha kula kiboko cha tisa. Madam Ludmila alisimamisha muziki ili awagombeze wapiga fidla, na Hillary akachungulia simu yake iliyokuwa juu ya mtungi wa gesi. Alinipa niisome. Ujumbe wa Valary ulikuwa mfupi: "Baba amekula, amelala. Halas. Niombee."

"Amemuua," Hillary alisema.

"Huenda amelala tu."

"Na kwa nini nimwombee?"

Sote tulijua adhabu ya kuua katika nchi hii ni upanga. Alipiga simu ya Valary mara tano, imezimwa. Namba ya mzee ilikuwa kwenye karatasi ya mkataba, aliyokuwa ameipiga picha. Hillary aliwaza kwamba sumu haiui mara moja, kwamba mzee akifikishwa hospitali akapona, shingo ya Valary itapona pia. Alipiga. Simu iliita kwa muda mrefu, halafu mtu akaitikia kwa sauti nzito ya usingizi.

"Baba," Hillary alisema kwa Kiarabu chetu cha getini, "akil mafi zein. Akil Valary mafi zein. Mustashfa, yalla." Chakula si kizuri, chakula cha Valary si kizuri, nenda hospitali.

Mzee aliita jina la Valary. Tulimsikia akiliita mara ya pili, akitembea. Kisha tukasikia mlango, na simu ikakatika.

Mzee alikuwa hana sumu hata punje. Alikuwa amekula wali na kuku, amelala kama alivyolala kila Ijumaa, na madam alikuwa amekwenda kwa binti zake. Valary alikuwa ametoa ufunguo kwenye kanzu iliyotundikwa. Chini barabarani rafiki yake Rispah alikuwa anamngoja ndani ya teksi ya Mkenya mmoja aitwaye Wesley, wampeleke mtaa wa Bani Malik, kwenye chumba cha wenzao.

Mzee alimkuta kwenye ngazi, ghorofa ya pili, ana mfuko mmoja. Mzee alikuwa amebeba bomba la chuma la mashine ya kufyonza vumbi. Pigo la kwanza lilivunja kifundo cha mkono wa kulia, la pili likatoa meno mawili. Valary alikinga kwa mkono wa kushoto, nao ukavunjika. Alipoanguka, mzee alimfuata ngazi kwa ngazi akimpiga mgongoni, hadi mlinzi wa jengo, Myemeni, alipomshika kiuno kwa nyuma. Kuta za ngazi zilipakwa rangi upya wiki ileile.

Hillary alipanda basi la Jeddah na ovaroli ya mchezo mwilini. Jumamosi alasiri aliingia wodini. Valary alikuwa na plasta mikono yote miwili, na uso umevimba hadi jicho moja halionekani. Rispah alikuwa kando yake.

"Ni Wesley," Valary alisema kwa taabu. "Mzee alikuwa anapiga kelele kwamba Mwafrika amempigia simu. Wesley ndiye alijua saa."

"Tumeshasema kwa wenzetu wote," Rispah alisema. "Bani Malik hakanyagi tena. Vijana wa huko wanamtafuta wamvunje mguu."

Hillary angeweza kunyamaza. Alikaa pembeni ya kitanda.

"Si Wesley. Ni mimi."

Rispah alimtazama kama amesikia vibaya.

"Nilisoma 'amelala', nikadhani umemfanyia kama yule mama wa uyoga."

Muuguzi alikuja, akapima joto, akaondoka.

"Kwa hiyo ulikuwa unamwokoa yeye," Valary alisema.

"Nilikuwa nakuokoa wewe, Val. Kutoka kwa upanga."

"Mimi nilikuwa nimebakisha ngazi kumi na nne."

Rispah alitoka nje ya wodi kumpigia Wesley simu. Hillary alimimina maji, akaweka mrija, akaupeleka penye midomo iliyopasuka. Valary aligeuza uso ukutani. Hillary akaushika mrija vilevile, mkono hewani, dakika nyingi, mpaka kiu ikamshinda dadake akageuka.