Jina la Nyanjige kwenye Takwimu

Nyanjige binti Limbu alimaliza chuo cha ualimu mwaka uleule serikali ilipotangaza kwamba haina ajira. Tazama bahati ya mtu. Waliomtangulia walitoka chuoni na cheti mkono mmoja na barua ya kupangiwa kituo mkono wa pili. Zamu yake ilipofika wakaambiwa sasa ni soko huria, wafanyakazi wanapunguzwa, rudini makwenu mkajiajiri. Mwalimu ajiajiri vipi, hilo hakuna aliyelieleza. Afungue genge auze hesabu za kugawanya?

Akarudi kwao, kijiji kimoja jirani na Nkoma, na kurudi kwenyewe kulikuwa kwa aibu. Baba yake, mzee Limbu, alikuwa ameuza ng'ombe sita ili binti asome, tena si ng'ombe wa ziada. Walikuwa wa mahari ya kaka yake, Nkwabi. Kijiji kizima kilimcheka mzee, maana kwa Wasukuma binti huleta ng'ombe nyumbani, hawamalizi. Limbu akajibu kwamba siku binti akiajiriwa atawarudisha wote. Nkwabi alikuwa na miaka ishirini na saba, mchumba wake Kabula anamngoja, na kila msimu wa pamba ulipokwisha alimtazama dada yake, kisha akatazama zizi. Nyanjige aliyaona macho hayo. Alitaka ajira kuliko alivyotaka kula.

Mwaka wa pili, Mwalimu Felisita wa shule ya kijiji akaenda likizo ya uzazi. Mwalimu mkuu, Constantine, mtu mnene mwenye maneno matamu, akamwita Nyanjige.

"Mayu, nishikie darasa la nne miezi mitatu," akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mshahara sina. Lakini ajira zikifunguliwa, barua yangu ndiyo itakayokutangulia."

Nyanjige akakubali hata kabla hajamaliza kusema. Felisita akajifungua salama, akamfuata mumewe Mwanza, hakuonekana tena. Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukazaa mwingine. Wazazi wa watoto walimletea michembe ya viazi vikavu, mtama na kibuyu cha maziwa, akaishi hivyo. Wanafunzi wake walikuwa tisini na watatu. Msimu wa pamba aliongezewa na darasa la Mwalimu Marcelo, kwa sababu wanunuzi binafsi walikuwa wameingia na mizani zao, na Marcelo aliona heri awapimie wao pamba kuliko kufundisha. Marcelo huyo mshahara wake ulikuwa unaingia, usinichekeshe.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kila Machi mwalimu mkuu alipeleka mjini Bariadi karatasi za takwimu: wanafunzi wangapi, madawati mangapi, walimu ni nani na nani. Mwaka wa kwanza wa Nyanjige shuleni ukatoka uvumi kwamba shule yenye walimu chini ya wanne itanyang'anywa madarasa ya juu, na mkuu wake arudi kuwa mwalimu wa kawaida kwingine. Felisita ameshaondoka. Constantine akajihesabu, akamhesabu Marcelo na mama mtu mzima Nyamizi wa darasa la kwanza, akapata watatu. Mwandiko wake ulikuwa wa kuku, hivyo kazi ya kunakili alimpa Nyanjige.

"Hapo chini andika jina lako na namba ya cheti," akamwambia.

"Lakini mimi sijaajiriwa, Mwalimu."

"Ndiyo maana nakwambia uandike. Usipoandikwa, watakujulia wapi huko mjini?"

Msomi wa mjini angeuliza mara mbili. Lakini Nyanjige alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba, na mkulima wa pamba anajua jambo moja: jina lisilokuwemo kwenye daftari la karani halipati mbegu wala dawa, na anayejiandikisha mapema ndiye anayepanda mapema. Akaona mkuu anampenda. Akaliandika jina lake kwa mwandiko mzuri, akaliandika tena Machi iliyofuata, na Machi ya tatu. Akashukuru kila mara. Mimi nikizikumbuka shukrani hizo, hasira zinanipanda hadi leo.

Mwaka huo wa Machi ya tatu redio ikatangaza kwamba walimu wachache wataajiriwa. Nkwabi, aliyekuwa hajacheka siku nyingi, akaijaza baiskeli upepo, akampakiza dada yake, akamwendesha hadi Bariadi bila kumruhusu ashuke hata kwenye mlima. Ilikuwa Jumanne.

Karani wa ofisi ya elimu, mama mmoja aliyeitwa Pelagia, akakichukua cheti, akafungua jalada, akapekua, akainua uso.

"Wewe ulishaajiriwa."

"Hapana, mama. Mimi nashikilia tu."

"Namba hii hapa. Miaka mitatu uko kituoni. Mwandiko huu wa nani?"

Nyanjige akautazama. "Wangu."

"Haya basi."

"Lakini mama, sijawahi kupokea mshahara."

"Kwani wewe peke yako? Kuna walioajiriwa mwaka juzi hawajaona senti. Mshahara ni ofisi nyingine. Hapa siwezi kumwajiri mtu mara mbili." Akalifunga jalada, kisha kama aliyeingiwa na huruma akaongeza, "Mkuu wako aniandikie barua uondoke kwenye orodha ya shule yake. Ifike kabla ya Ijumaa, ndipo tunafunga."

Jioni hiyohiyo Nyanjige alikuwa nyumbani kwa Constantine, amepiga magoti kama inavyompasa binti mbele ya mkubwa. Akaeleza yote. Mkuu aliacha kula.

"Unataka niandike kwamba miaka mitatu nilikuwa naidanganya serikali? Nina watoto saba, mayu."

"Na mimi nina deni la ng'ombe sita wa kaka yangu, baba."

Constantine akalirudia tonge lake, akalitafuna taratibu. Mwisho akasema, "Sawa. Uondoke kwenye orodha tu, siyo? Hilo nitaliandika."

Kesho yake barua ikatoka, imefungwa kwa gundi na kupigwa muhuri juu ya kifuniko cha bahasha. Barua ya serikali haifunguliwi na mbebaji, kila mtu anajua. Nkwabi akaivika mfuko wa nailoni isilowe, akaiweka kifuani, akapiga pedeli. Pelagia akaipokea Jumatano kabla ya saa sita. Nkwabi alirudi akipiga mluzi, wala hakwenda nyumbani kwanza. Alipitia kwa kina Kabula, akawaambia wazee wa kule kwamba mwaka huu hautapita bila ng'ombe kuingia uani kwao.

Wiki tatu baadaye mjumbe wa kata alimkuta Nyanjige darasani, chaki mkononi, akamkabidhi bahasha. Akaifungua mbele ya watoto kwa furaha. Iliandikwa kwamba, kutokana na taarifa ya mwalimu mkuu wake, yeye Nyanjige Limbu ameacha kituo chake cha kazi bila ruhusa, na kwa utoro huo amefukuzwa kazi, wala hataajiriwa tena na serikali mahali popote.

Aliisoma mara tatu. Kisha akavuka uwanja hadi ofisi ya mkuu.

"Mimi nilitoroka lini, Mwalimu?"

Constantine hakuinua kichwa. "Hakukuwa na njia nyingine ya kukuondoa bila takwimu zangu kuharibika. Ukiandikwa mtoro, miaka ya nyuma inabaki sahihi."

"Umenifukuza kazi ambayo sikuwahi kupewa."

"Usiongee kwa sauti, watoto wanasikia." Akavuta karatasi nyingine. "Halafu darasa la nne wana mtihani keshokutwa. Wamalizie hii wiki, ndipo uende."

Nyanjige aliiweka chaki mezani kwake, akatoka. Nkwabi alikuwa shambani akipalilia pamba. Akamkalisha chini, akamsomea barua kwa Kiswahili, akamweleza kwa Kisukuma, kwa sababu aliona kaka yake hataki kuelewa.

Nkwabi aliliweka jembe mapajani. Mwisho akauliza jambo moja tu: barua ya mkuu iliyosema ametoroka, ni ileile aliyoipeleka yeye?

Nyanjige alitamani kumdanganya. Hakupata cha kumdanganyia.

"Ndiyo hiyo," akamwambia.