Nilibadilishwa kwa Magongo Mawili

Hadi leo nikinusa rasta zikichovywa kwenye maji ya moto, viganja vinaniwasha na ninamkumbuka Maman Odette. Alikuwa msusi Mkongomani mwenye kiti chake kando ya bustani ya Joubert Park, na tena, amini usiamini, kocha wa watoto wa mpira wa magongo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kombe la Dunia la soka lilikuwa limechezwa kwetu mwaka mmoja tu kabla, vuvuzela bado zimejaa kila nyumba, nami nilikuwa nachezea timu ya kanisa letu, Warundi watupu. Nasema nachezea kwa heshima tu, nilikuwa naiharibia. Gongo lina upande mmoja bapa, na huo pekee ndio unaoruhusiwa kugusa mpira. Mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo kila nikipiga, nilipiga kwa mgongo wa gongo, na filimbi ikalia. Wakaniita Mashoto. Wenzangu walianza kucheka kabla sijaugusa mpira.

Timu zetu zilikuwa na desturi: likizo ikianza, makocha wanabadilishana wachezaji, mtu kwa mtu. Mwaka ule kocha wetu, Kaka Désiré, alinitoa kwa Maman Odette, na badala ya mtu akapokea magongo mawili. Mawili, tena yaliyotumika! Jamani, nililia mpaka kamasi. Mama aliniambia ninyamaze, lakini nilimsikia mwenyewe akisonya.

Siku ya kwanza Maman Odette hakunipa gongo. Alinisimamisha nyuma ya mteja akaniambia nisuke.

"Kila mechi nilikuona benchi, unasuka wenzio," alisema. "Mkono huu wa kushoto unajua kugeuka, ma fille, binti yangu. Uweke juu ya mpini, ndio ugeuze gongo. Wa kulia usindikize tu."

Basi ikawa hivyo likizo nzima: asubuhi nywele, jioni mpira. Vidole viliota sugu. Siku moja gongo likageuka lenyewe mkononi, nikapiga kelele peke yangu uwanjani.

Tulipokutana na timu yangu ya zamani, nilitaka kitu kimoja tu: Kaka Désiré ajute.

"Mwacheni huyo, atakosea mwenyewe!" aliwaambia mabeki wake.

Wakaniacha. Nikaupeleka mpira kulia, kushoto, kulia tena, upande bapa tu, filimbi kimya. Goli la kwanza. Wakaacha kuniacha, wakanijia watatu, nikawapita. La pili! Mama alipuliza vuvuzela mpaka akakohoa, na uwanja mzima ukaitikia, "Mashoto! Mashoto!" Sijawahi kulipenda jina kama siku ile.

Baada ya mechi Kaka Désiré alikuja na yale magongo kwapani.

"Eish, Maman, turudishie mtoto wetu."

"Magongo ni yako, papa," Maman Odette akacheka. "Mtoto ni wangu."

Nilitamba miaka na miaka. Nilikuwa mtu mzima, namsuka binti yangu, nilipojiuliza kwa nini kwa Maman Odette tulikuwa watoto saba na magongo manne, tukipokezana mazoezini, na siku za mechi tukiazima. Nilidhani ndivyo walivyozoea. Kumbe kabla sijaja, kabla yale mawili hayajatolewa, kila mtoto alikuwa na lake. Wote sita walijua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia.