Evodia na Sauti Iliyokatakata

Ukimwona Evodia ameketi, ujue anaumwa. Mimi nakodisha spika, yeye anahariri video za sherehe. Tumefanya kazi pamoja Dodoma nzima na sijawahi kumwona akimaliza soda kwenye kiti. Anakula amesimama. Anawaamkia wazee huku anakunja waya.

Siku ya send-off ya Hilda, pale ukumbini Kizota, alizidi. Baba yake Hilda, mzee Bartolomayo wa Mpwapwa, alikuwa amefariki. Akiwa mgonjwa, alipoona hatafika siku ya kumuaga binti yake, alimwambia mwanawe wa kiume amrekodi kwa simu akitoa maneno yake. Evodia ndiye aliyekabidhiwa video hiyo. Hilda hakuwa ameiona. Alikataa kuitazama peke yake. Alitaka aagwe na baba mbele ya watu, kama mabinti wengine.

Asubuhi, nyumbani kwake Ipagala, Evodia aliijaribu ikacheza vizuri kabisa. Mchana ukumbini ikaanza visa. Picha inaruka, sauti inakwaruza na kukatakata, mzee wa watu anaongea kama redio yenye betri zilizoisha.

"Waya zako hizi!" akanirukia.

"Waya zangu zimekukosea nini? Chomeka hedifoni usikie."

Akachomeka. Sauti ni ileile mbovu. Kuniomba radhi hakuniomba, na mimi nikanuna.

Kompyuta yake inatumia Linux. Alihamia huko baada ya flashi za wateja kumjazia virusi. Akafungua lile dirisha lake jeusi la kuandikia amri. Akaizima huduma ya sauti, akaiwasha tena. Bado. Akaondoa madoido ya skrini, akapunguza ukubwa wa picha. Bado. MC akashauri tutumie simu, projekta ikaikataa. Evodia akadhani kosa ni la sasisho la juzi, akarudisha mfumo wa zamani na kuiwasha upya. Ikacheza vizuri kidogo, tukagongeana tano, kisha ikarudia uchizi wake. Wageni walikuwa wameanza kuingia, na shangazi zake Hilda tayari wanauliza video ya marehemu itaonyeshwa saa ngapi.

"Kwani nyumbani uliiweka wapi?" nikamuuliza.

"Mezani, kama hapa. Usinichanganye!"

Akaizunguka meza, akarudi, akaizunguka tena. Ghafla akasimama. Meza ile haikuwa kama ya nyumbani hata kidogo. Mwamvua, mpambaji wetu, hapendi kitu cheusi kionekane kwenye sherehe yake. Spika zangu alikuwa amezivika satini ya zambarau, na kompyuta ameizungushia kitambaa hichohicho chini, nyuma na ubavuni, ikabaki skrini na vitufe tu. Kila Evodia alipokisogeza, Mwamvua alipita nyuma kukiweka sawa.

Evodia akaandika neno moja kwenye dirisha jeusi, kiwango cha joto kikatokea. Kompyuta ilikaribia kuchemsha chai. Feni ilikuwa imezibwa pumzi, na mashine inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Akaivuta satini yote kwa mkupuo.

"Dada Evodia! Rangi zangu!"

"Mwamvua, mdogo wangu, ukiifunika tena nakufunika wewe!"

Akaokota vizibo vya soda, akavipanga chini ya pembe za kompyuta ili hewa ipite. Joto likaanza kushuka.

Zamu ya video ilipofika, taa zikapunguzwa. Mzee Bartolomayo akatokea ukutani, ameketi kwenye kigoda mbele ya zizi. "Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo, na ukumbi mzima ukamwitikia. Akawashukuru wakwe. Akasema binti yake hajawahi kumpa aibu. Kisha, katikati ya sentensi, kimya. Hatikisiki. Nikaruka kuelekea kwenye kompyuta.

Evodia akanidaka mkono. Alikuwa ameketi.

"Acha," akaninong'oneza. "Ni yeye. Mtazame mbuzi."

Nyuma ya mzee, mbuzi alikuwa anatafuna majani taratibu, bila kukwama. Mashine ilikuwa nzima. Mzee ndiye aliyekuwa anajikaza asilie. Tukamngoja, ukumbi wote.

"Hilda," akaita hatimaye.

Hilda akasimama na gauni lake kubwa, mbele ya watu wote.

"Abee, baba," akaitika.