Binti wa Kalonda

Kama unataka kucheka, nenda ukachekee nje. Haya niliyaona mchana kweupe, hapa Likasi, enzi za Zaire, nikiwa karani wa mishahara kwenye kampuni ya madini. Sikuwa na homa wala sikuwa nimeonja kitu.

Mashine yetu ilikuwa na skrini nyeusi na herufi za kijani. Unaandika amri, unabonyeza, nayo inatuma mishahara benki Lubumbashi kwa laini ya simu. Kabla ya kutuma ya kweli, shefu aliijaribu kwa mfanyakazi wa kubuni. Alimpa jina, Kalonda. Akampa na binti wa miaka saba, Kapinga, aone kama posho ya watoto inaingia. Jaribio likifaulu, anawafuta. Mashine haikubali kumfuta mzazi mwenye mtoto, kwa hiyo mtoto alitangulia. Kila mwezi hivyo hivyo. Ubaya uko wapi, si ndiyo?

Basi siku moja, shefu akiwa ameshaweka vidole tayari kufuta, mwanamume akaingia amemshika msichana mkono. Nikamuuliza jina. Kalonda, akasema. Amini usiamini.

"Shefu," akasema, "munifute miye wa kwanza. Kila mwezi naona mutoto anaenda mbele yangu. Nimechoka."

"Mashini inakatala," shefu akajibu, wala hakugeuka. Mimi nikapiga kelele aache. Akacheka. "Habiko bantu, mama. Ni essai tu." Yaani hao si watu, ni jaribio tu.

Akabonyeza. Mkono wa yule baba ukabaki umekunjwa, umeshika hewa. Akautazama mpaka naye alipofutwa. Nilimchukia shefu siku ile, na bado namchukia, ingawa ameshazikwa.

Alipostaafu, kiti kikawa changu. Mwezi wa kwanza, majina yao yakiwa yameshaingizwa na shefu kabla ya kuondoka, wakaja. Nikaandika amri ya kumfuta baba kwanza, nikarudia, nikarudia tena. Skrini ikakataa. Nikajaribu kutuma mishahara nao wakiwa ndani, ikakataa pia. Dirishani wafanyakazi wa mtaa wa Panda walikuwa wanagonga wakidai mishahara, watoto wao hawajala. Ungefanya nini wewe?

Kapinga aliniangalia, halafu akafumba macho mwenyewe, kama mtoto aliyezoea sindano. Nikabonyeza.

Niliacha kazi wiki ileile. Mpaka leo siwezi kumshika mjukuu mkono njiani. Namwambia atembee mbele, nimwone. Na wewe unayejaribu mashine zako za kutuma pesa, tumia namba tupu. Usimpe mtu wako jina. Kama umeshampa, nakuomba, usimpe mtoto.