Kilo Mia Mbili na Ishirini Zilizopaa

Mchoma chokaa huyu alikuwa mjane wa mchoma chokaa. Tanuri lilelile lililompa mumewe kazi ndilo lililompa jina la mwizi. Walimtimua kwa kuwa mawe yaliingia mengi, chokaa ikatoka kidogo. Alikufa akiapa kuwa hakuiba. Mkewe alimzika kwa heshima zote, ila moyoni hakumwamini, hata aliwahi kupekua uvungu wa kitanda mbele ya macho ya mumewe akitafuta magunia ya chokaa.

Sasa zamu ya kushukiwa ilimfikia yeye. Msimamizi mpya, mtu wa kukunja uso hata akisalimiwa, alipima mawe kilo mia tano, akayapakia tanurini na kuufunga mlango kwa kufuli.

“Mama, safari hii chokaa ikipungua, usirudi tena.”

Mke wa mwanawe, mwalimu wa kemia aliyekuja naye siku hiyo, akaomba kipande cha mkaa, akaandika ukutani.

“Katika kila kilo mia za jiwe hili, kalsiamu ni arobaini, kaboni kumi na mbili, oksijeni arobaini na nane. Moto ukikolea, jiwe linavunjika. Kaboni yote inaondoka na oksijeni thelathini na mbili, zinakuwa hewa. Arobaini na nne hizo zimekwenda. Chokaa inabaki hamsini na sita.”

“Na kwa mia tano?” msimamizi akauliza, akimtazama kwa pembe ya jicho.

“Mia mbili themanini.” Akaizungushia duara.

Mchoma chokaa akashika kichwa. Mtu hajawahi kugusa koleo, ati anajua kilichomo tumboni mwa tanuri!

Siku ya tatu kufuli likafunguliwa. Mawe yalikuwa na ukubwa uleule, umbo lilelile, lakini alipoinua moja likaja jepesi kama mkate. Miaka yote aliyanyanyua, hakuwahi kujiuliza. Wakapima: mia mbili themanini na moja.

“Hiyo moja ni viini vya mawe visivyoiva,” mwalimu akasema.

Msimamizi akavua kofia, akakodolea macho bomba la moshi. Mchoma chokaa naye akatazama juu. Kilo mia mbili na ushei za jiwe zilikuwa zimepita juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyeziona.

“Mkwe wangu, hesabu hii ilikuwepo hata zamani zile?”

“Ilikuwepo, mama. Haijawahi kubadilika.”

Akakaa chini kwenye vumbi jeupe.

“Nilipekua uvungu,” akasema. “Naye amesimama mlangoni, ananitazama.”