Mkono Aliouinua Bi Kanuni

Ofisi yetu ya udahili ina madirisha matatu ya kuhudumia watu na feni moja, na feni yenyewe ni ya Mkuu. Sisi wengine tunajipepea kwa vipeperushi vya chuo. Kazi yetu ni kupokea maombi ya vijana wanaotaka kusoma, kuyapima kwa alama, na kusema nani aingie na nani akajaribu bahati kwingine. Kazi ya namna hiyo ina vishawishi, ndiyo maana kila muhula tunafungiwa ukumbini kufunzwa kanuni. Wanayaita mafunzo endelevu. Kuendelea yanaendelea kweli. Yanakoelekea ndiko sijui.

Katika sisi sote aliyeyapenda alikuwa mmoja tu, jirani yangu wa dirisha la pili, tuliyembandika jina la Bi Kanuni. Alikaa mstari wa mbele, miwani puani, wakati sisi wa nyuma tukisubiri chai. Tulimcheka, naye hakujali. Alikuwa na moyo safi, na moyo safi katika ofisi yetu ni kama shati jeupe: kulifua utalifua wewe, kulichafua watalichafua wenzako.

Dada yake mkubwa alifariki baada ya kuugua muda mrefu, akaacha binti. Binti huyo ndiye aliyemuuguza mama yake, akimgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko, huku wenzake wakienda vyuoni. Alama zake zilikuwa nzuri. Alitaka uuguzi, na hakutaka kingine chini ya jua. Baada ya mazishi akahamia kwa mama yake mdogo, yaani Bi Kanuni, na msimu ule akaomba nafasi chuoni kwetu.

Haukupita muda tukaitwa ukumbini. Nilichelewa, kwa hiyo nikaangukia mstari wa mbele, ubavuni kwa Bi Kanuni. Mkufunzi, kijana mwenye koti linalombana, alikuja na somo la mgongano wa maslahi. Akasema mtumishi ambaye ndugu yake ameomba nafasi lazima atamke, kisha maombi hayo yaondolewe mezani kwetu yapelekwe kwenye kamati maalumu, pasiwe na upendeleo.

"Haya," akauliza, "humu ndani kuna mwenye ndugu aliyeomba?"

Kimya. Mkuu wetu, ambaye mtoto wa shemeji yake aliomba uuguzi huohuo na sote tulijua, alikuwa anaikagua dari utadhani ndiye fundi aliyeipiga. Nikamkanyaga Bi Kanuni mguu.

"Nyamaza," nikamnong'oneza. "Alama za mtoto zinamtosha. Ataingia tu."

"Sasa kama zinamtosha, naogopa nini?" akanijibu, akainua mkono.

Tukampigia makofi. Mkuu ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Sasa sikia uhondo. Maombi ya binti yakaenda kwenye kamati, na kamati haikuweza kukaa. Kanuni inasema wajumbe wake lazima kwanza wapewe mafunzo ya ujumbe, na mafunzo hayo yalikuwa yamepangwa kufanyika baada ya udahili kufungwa. Bi Kanuni akaenda kwa Mkuu kuuliza. Alikaribishwa kiti, akageuziwa hadi feni.

"Dada yangu, hapo sina ubavu," Mkuu akasema. "Nikigusa maombi ya ndugu yako si nitakuwa nimependelea? Sheria ni msumeno."

Msumeno ni kweli, lakini mpini kaushika yeye. Nafasi za uuguzi zikajaa. Mtoto wa shemeji akaingia kwa alama ambazo binti yule angezipata akiwa amefumba macho. Kamati ilipokuja kukaa ikaona kwamba binti anastahili kabisa, ila nafasi hakuna. Bi Kanuni yeye wakampa cheti cha uadilifu, wakamwambia akitundike ukutani.

Jioni moja nikaenda kuwatazama kwao. Ni chumba kimoja chenye pazia katikati, huku viti, kule kitanda wanacholala wote wawili. Binti alikuwa anapiga pasi, wala hakuinua uso.

"Mama mdogo," akasema, "wale waliokaa kimya walipungukiwa nini?"

"Mwanangu, nilitaka uingie kwa haki. Asije mtu akakunyooshea kidole."

"Vidole watanikuta navyo wapi, na mimi niko hapa napiga pasi?"

Bi Kanuni akaokota nguo iliyokwisha pigwa pasi, akaikunja. Na mimi, pamoja na mdomo wangu huu wote, nikaishia kuomba maji ya kunywa.

Msimu uliofuata binti akafungasha nguo zake, akaenda kukaa kwa rafiki yake, ili anwani zisifanane. Maneno aliyoyaacha mlangoni nilisimuliwa na Bi Kanuni mwenyewe, analia dirishani watu wakimwona: "Mama mdogo, nakuomba kitu kimoja. Mwaka huu wakikuuliza, usinijue."

Wakamwuliza. Mkufunzi alikuja na koti lake na swali lake, na safari hii Bi Kanuni alikuwa amekaa nyuma pamoja nasi, ameikalia mikono yote miwili. Mkufunzi akatusifu kwamba ofisi yetu sasa imekomaa, haina mgongano hata mmoja.

Binti akachaguliwa kwa alama zilezile. Siku ya usajili foleni ilijipinda hadi getini, na zamu yake ilipofika, dirisha lililokuwa wazi lilikuwa la mama yake mdogo. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu anakagua kazi. Mimi niliacha nilichokuwa nafanya.

"Shikamoo, afisa," binti akasema.

"Marahaba." Bi Kanuni alikohoa kidogo. Huyu ndiye mtoto aliyempokea mikononi siku aliyozaliwa. "Jina lako nani?"

Binti akamtajia, polepole, kama anavyotajiwa mgeni. Mama yake mdogo akaandika, kisha akamsomea swali linalofuata, kama tunavyowasomea wote.

"Una ndugu yeyote anayefanya kazi hapa chuoni?"

"Sina," binti akasema.

Bi Kanuni akainamisha kichwa, akaandika: hana.