Pole za Barabara ya Shinyanga

Siku mshipa wa kisigino ulipokatika nilidhani nimepigwa jiwe. Nilikuwa nateremka mbio pale Mkolani, hapa Mwanza, Jumapili asubuhi, nikasikia kitu kimenigonga nyuma ya mguu, nikageuka na tusi limeshafika mdomoni. Nyuma hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mbuzi wawili wamefungwa kwenye nguzo ya umeme, wala hawakuwa na habari na mimi. Nikataka kupiga hatua, mguu ukakataa, nikakaa chini kwenye vumbi na tusi langu.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Mimi ni mpima ardhi. Kazi yangu ni kuwaambia watu wa Buhongwa viwanja vyao vinaishia wapi, na kazi yao ni kunikatalia. Kilomita ishirini za Jumapili ndizo zilikuwa saa zangu za kutobishiwa na mtu. Daktari alinishona, akanifunga plasta ngumu, akasema nisikimbie kwa mwaka mzima. Mwezi wa tano nikakimbia, kwa ubishi tu, mguu ukavimba, nikarudishwa kwenye magongo. Hapo nikasusa kabisa.

Kususa kwangu kulikuwa na ratiba. Nikitoka kazini napitia baa iliyo karibu na stendi, kitimoto na ndizi za kukaanga, bia nne, sigara bila hesabu, kisha nyumbani kulala kwenye kochi. Kitambi kikaja. Na jambo ambalo mpaka leo sijawasamehe watu ni kwamba walinipongeza. "Umenawiri, bosi," wananiambia. "Mambo yamekunyookea." Nilikuwa sipandi hata ngazi za ofisini bila kupumzika katikati, na watu wananipa mkono wa hongera.

Mke wangu peke yake hakunipongeza. Alisema mara mbili, mara ya tatu akanyamaza. Kisha mama yake akapata kiharusi huko Nansio, kisiwani Ukerewe, naye akafunga mizigo. Nilimuuliza atarudi lini.

"Mama anahitaji mtu wa kumgeuza kitandani," akasema. "Wewe una baa yako."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Watoto wetu wawili wako Dodoma na kazi zao. Nikabaki na nyumba ya vyumba vinne. Nilikuwa nawasha redio jikoni halafu nakaa sebuleni, ili nisikie kama kuna mtu anaongea kule.

Miezi minane ikapita hivyo. Asubuhi moja nikawa nafunga kamba za viatu vya kazini, tumbo likanizuia kufika. Nikajaribu kwa upande, nikashindwa. Nikakaa kitandani nikalia, mtu mzima na kiatu mkononi. Nilipomaliza kulia nilikuwa nimejua ninachotaka: mke wangu arudi. Maneno yangu alishayachoka, kwa hiyo niliamua simwambii kitu. Nitakimbia, na siku atakayokuja ataona mwenyewe.

Baa niliacha kwa kubadilisha njia ya kurudi nyumbani. Sigara zilinitesa zaidi. Kukimbia kwenyewe nilianza kwa kutembea, alfajiri, toka getini mpaka kwenye tenki la maji, kama hatua mia mbili. Mwezi wa pili nikawa nakimbia nguzo moja natembea nguzo mbili. Malori ya Shinyanga yananipita, yananiachia moshi. Zamani tulikuwa tunakimbia kikundi. Sasa wenzangu nawaona mbele yangu wakivuka barabara, wanacheka jambo ambalo sikulisikia, na mimi naona haya kuwaita.

Na salamu nazo. Huwezi kumpita mzee barabarani kimya eti kwa sababu unakimbia. Nilikuwa natoa "shikamoo" na roho inataka kutoka nayo. Kulikuwa na mama mmoja anayeuza uji pembeni ya lami, kila siku ananijibu, "Marahaba mwanangu. Unakwenda kumwita nani?" Nikawa nacheka tu. Ningemwambia namwita mtu aliyeko Ukerewe, angenionea huruma, na huruma siitaki.

Nikaanza kukonda. Mwezi wa sita suruali zote zilikuwa zinashikwa na mkanda. Nikidhani sasa ndiyo wakati wa hongera, nikaanza kupewa pole. Fundi cherehani aliyenipunguzia suruali aliuliza kwa sauti ya chini kama naendelea vizuri. Yule mama wa uji akaacha kunitania, akawa ananisimamisha na kunipa kikombe cha bure. Jirani yetu, anayeimba kwaya na mke wangu, alinitazama shingoni akasema tu, "Pole, baba. Mungu yupo." Nikamwambia nakimbia, mbona mzima. Akaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mgonjwa.

Ijumaa moja mke wangu akapiga simu. "Nakuja kesho na meli," akasema, akakata.

Sikuuliza kwa nini. Nilideki nyumba nzima, nikabadilisha mashuka. Asubuhi nikaamua nimfuate kwa miguu yangu, toka Buhongwa mpaka bandarini, kilomita kumi na tatu hivi, ambazo tangu niumie sikuwahi kuzijaribu. Nyegezi nilipita vizuri. Mkuyuni kisigino kikaanza kuvuta, nikapunguza mwendo. Igogo ziwa likatokea kushoto, na jua limeshakuwa kali, na mimi nafurahi peke yangu kama mwehu. Sikutembea hata nguzo moja.

Meli ilipofunga gati nilikuwa nimesimama kwenye geti la bandari, fulana imelowa, natiririka jasho. Alishuka na mfuko wa machungwa na begi kubwa, begi la mtu anayekuja kukaa. Aliponiona akaliweka chini. Akanishika mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole, akaanza kulia mbele za watu.

"Mbona hukuniambia?" akasema.

"Nikuambie nini?"

"Jirani kanipigia. Kasema umekwisha. Umepima?"

Hapo ndipo nikaelewa begi lile ni la nini. Alikuwa amemwomba dada yake amwangalie mama mpaka atakapomaliza kuniuguza. Nitasema ukweli: nilitamani kukohoa. Ningeinamisha kichwa tu, nikasema "nimechoka," na angekaa mwezi, labda miwili. Vidole vyake bado vilikuwa mkononi mwangu.

"Siumwi," nikasema. "Nakimbia. Nimekimbia kutoka nyumbani mpaka hapa."

Akanitazama miguuni, akanitazama usoni, akanipiga ngumi ya bega huku machozi bado yanamtoka. "Mwendawazimu wewe," akasema, na akacheka. Miaka miwili sikuwa nimekisikia kicheko kile.

Tulikula sato na ugali mezani, watu wawili. Alifungua kila chumba, akaona mashuka. Jumapili tulikwenda kanisani, na jirani akatuona akatazama pembeni. Jioni nikamkuta anakunja nguo zake, anazirudisha kwenye begi.

"Dada ana watoto wadogo," akasema. "Hawezi kumgeuza mama peke yake."

"Na mimi?"

"Wewe umepona, baba." Alisema kwa upole, na kwa furaha, nadhani kwa furaha ya kweli.

Jumatatu nikambebea begi mpaka bandarini. Nilitaka kumwambia kwamba bado, kwamba sijapona hata kidogo. Lakini nilikuwa nimesimama mbele yake na begi zito begani, sichechemei, pumzi imetulia, na hakuna mtu pale getini ambaye angeniamini.